KIMOJA NDICHO MIZANI
Somo la hisabu za bei, al-jabri na wastani



Ndugu msomaji, somo hili ni la hisabu. Huenda ukasema, "Hisabu ni kazi ya watoto wa skuli, nami umri huo nimeshaupita." Twakujibu ya kuwa hisabu tutakazozitaja humu kweli ndizo wafundishwazo watoto wa miaka 12 hata 14, lakini wenye kuzihitaji kila siku ni watu wazima, na wenye kudhurika kwa kutozijua ni hao hao watu wazima. Mtoto akikosea hupoteza alama katika daftari lake. Mtu mzima akikosea hupoteza mali yake, au hula mali ya mwenzake naye hajui, au huishiwa na mafuta kabla hajaiona pwani.

Na katika mambo yote tutakayoyaeleza, liko moja ambalo ndilo msingi wa yote, nalo ni hili: usilinganishe vitu viwili mpaka uvirudishe vyote kwenye kimoja. Kilo moja, saa moja, fungu moja, siku moja. Ukishakijua kimoja, vingi havitakushinda. Na usipokijua kimoja, hata viwili vitakupoteza.

Bei tulizoziandika humu ni za mfano tu, zimechaguliwa ili hisabu iwe nyepesi. Usizitafute sokoni. Na majina Zaidi na Amri ni yale yale ya mifano uliyoyazoea chuoni.

MLANGO WA KWANZA: BEI YA KIMOJA

Jua ya kuwa kila bei ina pande mbili, fedha na kipimo. Mtu akikwambia, "Mchele huu ni shilingi 900," hajakwambia bei bado. Amekutajia fedha, akaacha kipimo. Bei hutimia pale ujuapo fedha hizo ni za kiasi gani. Na njia ya kuijua bei ya kimoja ni nyepesi: gawanya fedha kwa kipimo.

Tutazame mchele wa namna moja uuzwao kwa njia tatu katika duka moja. Gunia la kilo 50 ni shilingi 140,000. Mwenye kununua kilo moja moja hutoa shilingi 3,200. Na mwenye kununua kwa kopo la robo kilo hutoa shilingi 900. Kwa kusikia tu, 900 ndiyo ndogo na 140,000 ndiyo kubwa. Sasa turudishe zote kwenye kilo moja:

Gunia: 140,000 ukigawanya kwa 50, ni shilingi 2,800 kwa kilo.
Kilo moja moja: ni shilingi 3,200 kwa kilo.
Kopo: robo nne ndizo kilo, basi 900 mara 4, ni shilingi 3,600 kwa kilo.

Waona ya kuwa iliyokuwa ndogo masikioni ndiyo kubwa mfukoni. Nyumba ilayo kilo 2 kila siku, kwa siku 25 hula kilo 50. Mwenye gunia atakuwa ametoa 140,000; mwenye kopo atakuwa ametoa 180,000. Wamekula mchele mmoja, kwa kiasi kimoja, na baina yao ziko shilingi 40,000. Na mwenye kununua kwa kopo aghalabu ndiye mnyonge wa wote wawili, kwani hana 140,000 kwa mara moja.

Hatusemi ya kuwa kila mwuza kopo ni dhalimu. Yeye hupima, humwagikiwa, hungoja siku nyingi fedha zake zirudi, na kazi hiyo ina ujira wake. Twasema ya kuwa mnunuzi ajue alipalo. Na akishajua, huenda akaiona njia. Majirani watano wakitoa kila mmoja shilingi 28,000 wataleta gunia, na kila mmoja atapata kilo 10. Kilo 10 hizo kwa kopo zingemgharimu 36,000. Amebakiwa na shilingi 8,000 mkononi, bila ya kumnyima mtu haki yake.

Mfano wa pili ni wa mafuta ya kupikia. Ziko chupa mbili zakaribiana kwa umbo. Moja ni ya lita nzima, yaani mililita 1,000, kwa shilingi 5,800. Ya pili ni ya mililita 900 kwa shilingi 5,400. Mwenye haraka huchukua ya pili, akaona amepunguziwa shilingi 400. Lakini 5,400 ukigawanya kwa 900 ni shilingi 6 kwa kila mililita, na 5,800 ukigawanya kwa 1,000 ni shilingi 5 na senti 80. Hiyo aliyoiona rahisi ndiyo ghali. Maandishi ya kipimo yameandikwa juu ya chupa. Aliyeghafilika ni msomaji.

Mfano wa tatu wamhusu mnunuzi mkubwa, naye ajihisabu nafsi yake. Mkulima amepatana na mchuuzi kuuza gunia la kilo 100 kwa shilingi 80,000, yaani shilingi 800 kwa kilo. Siku ya kupakia, mchuuzi analeta gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, likaingia kilo 125, naye atoa 80,000 zile zile. Sasa 80,000 ukigawanya kwa 125 ni shilingi 640 kwa kilo. Jina la gunia halikubadilika, na fedha hazikubadilika, lakini bei ya kimoja imeshuka kwa shilingi 160, na mkulima amenyang'anywa kilo 25, ambazo kwa bei waliyopatana ni shilingi 20,000. Dini yetu imekemea vikali kupunja katika vipimo, na katika Kurani iko sura nzima iliyopewa jina la wapunjao. Wengi hudhani mpunjaji ni mwuzaji peke yake. Hisabu hii yatuonyesha ya kuwa hata mnunuzi aweza kuwa mpunjaji.

Onyo: kabla ya kulinganisha, hakikisha vipimo ni vya jinsi moja. Wazee wetu walipima kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne ndivyo pishi moja. Hicho ni kipimo cha ujazo. Kilo, ratili na frasila ni vipimo vya uzito. Pishi ya mchele na pishi ya chumvi hazina uzito mmoja, ijapokuwa zimejaa chombo kimoja. Basi ukitaka kulinganisha bei ya pishi na bei ya kilo, ipime pishi hiyo kwanza juu ya mizani. Ama frasila, iliyokuwa ikitumika kwa karafuu na pembe, ilikuwa kadiri ya ratili 35, nazo ni karibu ya kilo 16. Mtu akikutajia shilingi 48,000 kwa frasila, gawanya kwa 16, utapata shilingi 3,000 kwa kilo. Hapo ndipo uwezapo kusema ni ghali au ni rahisi.

MLANGO WA PILI: KITU KISICHOJULIKANA

Ilmu ya pili ni al-jabri. Watoto wetu husoma skulini neno "aljebra" wakadhani limetoka Ulaya. Asili yake ni Kiarabu, na aliyeiweka ilmu hiyo katika kitabu mashuhuri ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni aliyefanya kazi Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833 kwa tarikhi ya miladi. Kitabu chake cha hisabu ya al-jabr na al-muqabala kilifasiriwa kwa Kilatini mwaka 1145 na Mwingereza aitwaye Robert wa Chester, na kwa njia hiyo neno likaenea katika nchi za Ulaya. Na jina lake mwenyewe likageuzwa likawa jina la kanuni za hisabu zifuatwazo hatua kwa hatua, ndizo ziendeshazo kompyuta zote za leo.

Mwanachuoni huyo hakuandika kwa ajili ya fahari. Ndani ya kitabu chake mna mlango wa muamala, yaani kuuza, kununua na kuajiri, na mna sehemu kubwa ya wasia na mirathi. Katika mlango wa muamala ameeleza ya kuwa mambo haya huzunguka juu ya hisabu nne: kipimo kilichotiwa bei, bei yake, kipimo kitakiwacho, na thamani yake. Tatu katika nne hujulikana, na moja hutafutwa.

Kwa mfano: kilo 8 za tende ni shilingi 72,000, je, kilo 5 ni kiasi gani? Ukipenda, tafuta kimoja: 72,000 ukigawanya kwa 8 ni 9,000, mara 5 ni 45,000. Au zidisha 5 kwa 72,000, upate 360,000, kisha gawanya kwa 8. Itakuja 45,000 hiyo hiyo. Njia ni mbili, na nyumba ni moja.

Ama kile kisichojulikana, wanavyuoni wa zamani walikiita kwa Kiarabu shay', yaani "kitu". Leo huandikwa kwa herufi moja. Sisi tutakiita kitu, kwani ndiyo maana yake. Siri ya al-jabri ni kukitaja kitu kana kwamba umeshakijua, ukaifuata habari yake kwa uadilifu, hata kikajifunua chenyewe.

Neno al-jabr maana yake ni kuunga kilichovunjika, kama mfupa uungwavyo. Na katika hisabu ni kukirudishia upande kilichopungua. Al-muqabala ni kukabilisha. Maana yake hapa ni kuondoa pande zote mbili kile kilicho sawasawa. Tazama mas'ala haya:

Zaidi ameuza mikeka 5, akatozwa ushuru wa soko shilingi 4,000. Amri ameuza mikeka 3 kwa bei ile ile, naye alikuwa na shilingi 20,000 mfukoni tangu asubuhi. Jioni wakahisabu, wakakuta fedha zao ni sawa. Je, mkeka mmoja uliuzwa kwa kiasi gani?

Bei ya mkeka tuiite kitu. Fedha za Zaidi ni vitu 5 kasoro 4,000. Fedha za Amri ni vitu 3 na 20,000. Na pande mbili hizi ni sawa.

Hatua ya kwanza ni al-jabr. Upande wa Zaidi umepungua 4,000. Mrudishie 4,000, lakini na Amri pia umpe 4,000, ili mizani isilale upande. Sasa vitu 5 ni sawa na vitu 3 na 24,000.

Hatua ya pili ni al-muqabala. Kila upande una vitu 3. Viondoe huku na huku. Vimebaki vitu 2, ni sawa na 24,000.

Hatua ya tatu ni kurudi kwenye kimoja. Gawanya 24,000 kwa 2. Kitu ni 12,000. Hiyo ndiyo bei ya mkeka.

Kisha pima kazi yako. Mikeka 5 ni 60,000, ukitoa ushuru 4,000 hubaki 56,000. Mikeka 3 ni 36,000, ukiongeza 20,000 ni 56,000. Pande zimekutana, basi jawabu ni sahihi. Usiache kamwe kuipima hisabu baada ya kuimaliza, kwani mwenye kupima hujisahihisha mwenyewe kabla hajasahihishwa na watu.

Na kanuni ya yote haya ni moja: utendalo upande huu, litende na upande wa pili.

MLANGO WA TATU: ZAKA NA MIRATHI

Mali ya biashara hukadiriwa thamani yake mwisho wa mwaka, na ikifika nisabu hutolewa robo ya fungu la kumi, yaani moja katika kila 40. Mwenye mali ya 40,000,000 hutoa 1,000,000. Hiyo ni hisabu ya kwenda mbele. Ama ya kurudi nyuma ni hii: mtu ameandika katika daftari ya kuwa alitoa zaka 900,000, wala hakuandika mali yake ilikuwa kiasi gani. Mali hiyo tuiite kitu. Fungu moja katika 40 la kitu ni 900,000, basi kitu kizima ni 900,000 mara 40, nacho ni 36,000,000. Kwa njia hii mtu aweza kuyakagua madaftari yake ya miaka iliyopita akajua kama alitoa kwa kutimiza au alikisia tu.

Sasa tuje kwenye mirathi, na hapa twakuomba msomaji utulize moyo wako, kwani kosa moja dogo la hisabu humdhulumu yatima.

Mtu amekufa, ameacha mke mmoja, mwana mume mmoja na mabinti wawili, wala hana mrithi mwingine. Baada ya mazishi, kulipa madeni na kutekeleza wasia, imebaki mali ya 9,600,000. Mke hupata thumuni, kwani marehemu ana watoto. Kinachobaki ni cha watoto, na mwanamume hupata mafungu mawili kwa fungu moja la binti.

Thumuni ya 9,600,000 ni 1,200,000. Hiyo ni ya mke. Zimebaki 8,400,000.

Hapa ndipo watu watelezapo. Mtu husikia "mawili kwa moja", akagawanya kwa matatu: thuluthi mbili ampe kijana, na thuluthi moja wagawane mabinti. Hivyo kijana hupewa 5,600,000, na kila binti 1,400,000. Hili si sawa. Mawili kwa moja ni baina ya kijana na kila binti mmoja, si baina ya kijana na mabinti wote kwa jumla.

Fungu la binti mmoja tuliite kitu. Kijana ana vitu 2. Binti wa kwanza kitu 1. Wa pili kitu 1. Jumla ni vitu 4, navyo ni sawa na 8,400,000. Basi kitu ni 2,100,000. Kila binti hupata 2,100,000, na kijana hupata 4,200,000. Pima: 1,200,000 na 4,200,000 na 2,100,000 na 2,100,000, jumla ni 9,600,000.

Yule aliyegawanya kwa matatu amemwondolea kila binti 700,000, naye pengine alikuwa na nia njema na alijua hukumu ya sheria. Hukumu aliijua, kimoja ndicho alichokikosea. Na mafungu haya yakiwa mageni kwako, au warithi wakiwa wengi, mwendee mwenye ilmu ya faraidhi, wala usigawanye kwa kudhania.

MLANGO WA NNE: WASTANI NA CHA KATI

Takwimu ni hisabu zilizokusanywa za jambo moja lililotokea mara nyingi, kama samaki wa kila siku, mvua ya kila mwezi au mauzo ya kila juma. Hisabu nyingi hazishikiki kichwani, basi hutafutwa moja ya kuziwakilisha. Iliyo mashuhuri ni wastani: jumlisha zote, kisha gawanya kwa idadi yake.

Mwenye mashua ataka kuiuza, naye amwambia mnunuzi, "Mashua hii kwa wastani hutoa kilo 20 za samaki kwa siku." Mnunuzi afikiri kukopa, na deni hilo, pamoja na gharama, lataka kilo 15 kwa siku. Aona 20 ni zaidi ya 15, akanyosha mkono kupatana. Lau angelitaka daftari, angeliona siku saba hizi:

Kilo 12, 15, 9, 14, 10, 13 na 67.

Jumla ni 140, na ukigawanya kwa 7 ni 20. Mwuzaji hakusema uwongo. Lakini tazama vyema: katika siku saba, sita hazikufika kilo 20, na siku moja tu, iliyopita kundi kubwa la samaki, ndiyo iliyoinua wastani wote. Iondoe siku hiyo. Zabaki kilo 73 kwa siku sita, nazo ni zaidi kidogo ya kilo 12 kwa siku. Deni lataka 15.

Kwa sababu hii wenye hisabu wana njia ya pili, nayo ni kutafuta cha kati. Zipange hisabu zako kuanzia ndogo hata kubwa: 9, 10, 12, 13, 14, 15, 67. Iliyo katikati, yenye tatu huku na tatu huku, ni 13. Hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na siku yako ya kawaida. Ikiwa idadi ni shufwa, basi chukua mbili za katikati, uzijumlishe na kugawanya kwa 2.

Wastani na cha kati zikikaribiana, moyo wako utulie. Zikiachana mbali, kama 20 na 13, ujue ya kuwa ndani ya daftari mna siku moja au mbili zilizotoka katika desturi. Uliza habari zake kabla ya kutia mkono mfukoni.

MLANGO WA TANO: SAFARI YA BAHARI

Tumeuweka mlango huu mwisho kwa kuwa unakusanya yote yaliyotangulia, na kosa lake haliishii katika mali.

Nahodha ataka kwenda kisiwa kilicho umbali wa maili 30, kisha arudi. Akienda, upepo na mkondo viko nyuma yake, mashua yenda maili 10 kwa saa. Akirudi, vyote vyamkabili, nayo yenda maili 6 kwa saa. Mashine yala lita 4 za mafuta kila saa. Je, achukue mafuta kiasi gani?

Mmoja katika mabaharia asema: "10 na 6 ni 16, nusu yake ni 8. Mwendo wetu kwa wastani ni maili 8 kwa saa. Kwenda na kurudi ni maili 60. Ukigawanya kwa 8 ni saa 7 na nusu. Kwa lita 4 kila saa, zatosha lita 30." Maneno haya yavutia masikioni, na wengi wangeyakubali.

Sasa tuhisabu kwa uangalifu, kila njia peke yake. Kwenda: maili 30 kwa mwendo wa 10, ni saa 3. Kurudi: maili 30 kwa mwendo wa 6, ni saa 5. Jumla ni saa 8, na mafuta ni lita 32.

Zimepungua lita 2. Ni kitu kidogo nchi kavu. Lakini baharini, lita 2 ni nusu saa, na nusu saa kwa mwendo wa maili 6 ni maili 3. Mashua itazimika maili 3 kabla ya kufika, na upepo ule ule unaoikabili utaanza kuirudisha nyuma.

Kosa lilikuwa wapi? Baharia alichukua wastani wa mienendo miwili kana kwamba kila mwendo ulidumu muda mmoja. Haukudumu. Kwa mwendo wa haraka walikaa saa 3, na kwa mwendo wa taratibu watakaa saa 5. Mwendo wa wastani wa haki ni maili zote kwa saa zote: 60 ukigawanya kwa 8, ni maili 7 na nusu kwa saa, wala si 8. Kila mara ulio mzito hukaa nawe zaidi kuliko ulio mwepesi, kwa hivyo huushusha wastani.

Ishike kanuni hii: usichukue wastani wa viwango viwili kwa kuvijumlisha na kugawanya kwa 2, ila ujue vimedumu sawasawa. Rudi kwenye asili. Kusanya maili zote, kusanya saa zote, kisha gawanya. Na baada ya hisabu, mwenye busara huongeza akiba, kwani upepo haukuweka ahadi na mtu.

MASUALI YA MAZOEZI

Chukua kalamu, uyafanye mwenyewe kabla ya kutazama majawabu.

1. Pakiti ya unga ya kilo 2 ni shilingi 3,600, na ya kilo 5 ni shilingi 8,500. Ipi rahisi, na kwa kiasi gani kila kilo?

2. Zaidi amemlipa mwenye gari safari 4, akaongeza 6,000 za wapagazi. Amri amelipa safari 6 kwa bei ile ile, akapunguziwa 10,000. Wametoa fedha sawa. Safari moja ni kiasi gani?

3. Mfanyabiashara alitoa zaka ya 625,000. Mali yake ilikuwa kiasi gani?

4. Mtu ameacha mke, wana waume 2 na mabinti 3, bila ya mrithi mwingine. Baada ya madeni na wasia imebaki 16,000,000. Gawanya.

5. Fundi amemaliza madirisha kwa siku tano hivi: 4, 3, 5, 4, 14. Taja wastani na cha kati, kisha sema ipi ungeitumia kumwahidi mtu kazi.

6. Mashua yenda maili 24 kwa mwendo wa maili 8 kwa saa, ikarudi kwa mwendo wa maili 4 kwa saa. Yala lita 3 kila saa. Yataka lita ngapi, kabla ya akiba?

MAJAWABU

1. Ya kwanza ni 1,800 kwa kilo, ya pili 1,700. Ya pili ni rahisi kwa shilingi 100 kila kilo.

2. Vitu 4 na 6,000 ni sawa na vitu 6 kasoro 10,000. Ukirudisha 10,000 na kuondoa vitu 4, vitu 2 ni 16,000. Kitu ni 8,000. Kila mmoja alitoa 38,000.

3. 25,000,000.

4. Mke 2,000,000. Zimebaki 14,000,000 kwa mafungu 7. Fungu ni 2,000,000. Kila mwana mume 4,000,000, kila binti 2,000,000.

5. Wastani ni 6, cha kati ni 4. Mwahidi mtu kwa 4, kwani siku nne katika tano hukufika 6.

6. Saa 3 na saa 6, jumla 9, lita 27. Ukisema 24, umechukua wastani wa 8 na 4, nawe umerudia kosa la baharia.

KHATIMA

Ndugu msomaji, ukiyapata majawabu yote sita, mfundishe mwanao na binti yako usiku huu huu. Ukikosa moja, rudi kwenye mlango wake uusome tena, kwani hakuna aibu katika kurudi. Na kesho ukienda dukani, au ukiketi katika ugawaji wa mirathi, au ukiteremka pwani kutia mafuta katika mashua, anza na suala moja kabla ya yote: kimoja ni kiasi gani?